Nilimtoa Mwanangu Kwenye Chumba cha Mtihani

Mpendwa Mshauri wetu wa Jumamosi,

Hii ni mara ya tatu naianza barua hii, mbili za kwanza nilizichana, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu mwanzo wake unanionyesha kama mama aliyepatwa na mikosi tu, ila mwisho wake hauko hivyo.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, natengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki ya daktari wa meno, nina meza yangu, taa yangu, nta, plasta na visanduku vya meno niliyoyapanga kwa rangi, kuanzia meupe ya vijana mpaka yale ya wavuta sigara, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyerudisha kazi yangu isipokuwa bibi mmoja aliyetaka pengo lake la zamani lirudishwe kwa sababu mumewe alikuwa amelizoea. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu mpole asiyependa makelele, na tuna binti mmoja wa miaka kumi na saba ambaye nyumbani tunamwita Kasuku, maana tangu alipojua kusema hajawahi kufunga mdomo, anaongea akipiga mswaki, anaongea akisoma, hata akiwa na homa anaongea.

Mambo yalipoharibika mwaka huu, matokeo ya kura yakakataliwa, watu wakaingia barabarani na askari nao wakaingia barabarani, sisi tuliishi kama wengine wote, tukipunguza mizunguko na kuambiana yataisha. Siku ya tisa asubuhi hali ilionekana imetulia, shule zikafunguliwa, Kasuku akaenda zake nami nikaenda kazini, lakini ilipofika saa tano mtaa wa kliniki uligeuka ghafla, nikasikia watu wanakimbia, milango ya maduka inashushwa kwa kishindo, kisha milio, kisha moshi wa kuwasha macho ukapenya chini ya mlango wetu, daktari akasema tulale sakafuni, tukalala, yeye, mimi na wagonjwa watatu, mmoja wao amepigwa sindano ya ganzi nusu ya mdomo, anajaribu kusali na maneno hayatoki, na simu zikawa zimekatwa mji mzima. Nilikaa kwa saa saba nzima sijui kama mwanangu yuko hai. Saa saba, Mshauri! Chini ya kabati kulikuwa na jino la bandia lililodondoka siku nyingi, nikalikazia macho hilo jino, nikajiambia nisipopepesa mwanangu atakuwa salama, na macho yanawasha, na napepesa, na kila nikipepesa naona nimemuua.

Jioni tulipoweza kutoka nilikwenda shuleni kwa miguu, nikakuta geti limefungwa kwa minyororo miwili, aliyenifungulia ni karani wa shule, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kumbe walimu wengi hawakufika siku ile na ni yeye na mlinzi tu waliobaki na wasichana thelathini na wanane, akawaingiza wote maktaba, akawaambia washushe vitabu vyote kwenye rafu wavifute vumbi na kuvipanga upya kwa alfabeti, na kila aliyeanza kulia akamwongezea rafu nyingine. Kasuku alitoka amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, neno lake la kwanza likawa, “Mama, unajua tuna vitabu vitatu vya ufugaji wa nyuki na hakuna aliyewahi kuviazima hata kimoja?” Nikacheka huku nalia, nikamshika karani mikono yote miwili nikamwambia, “Dada yangu, wewe sitakusahau maisha.”

Baadaye wakubwa wakakaa mezani, wakaelewana au wakasema wameelewana, maduka yakafunguliwa, vioo vikafagiliwa, wenzangu wote wakarudia maisha yao, mimi nikabaki palepale sakafuni. Simu inakaa kwenye mfuko wa aproni na kila nikichonga nta kidogo naitoa nione kumetokea nini, duka la jirani likishusha mlango mimi nainama, nimefunga mabegi manne yapo nyuma ya mlango, kitanda cha Kasuku nimekitoa chumbani nikakiweka ukumbini mbali na madirisha, nikipanda basi lazima nikae karibu na mlango, na moyo unanienda mbio hata ninapokata vitunguu. Mume wangu akaniuliza, “Mama Kasuku, leo umesikiliza habari mara ngapi?” Nikamwambia sijui, labda ishirini. Akasema, “Kwani kuna mara wamesema kitu tofauti?” Nikamkasirikia siku mbili kwa swali hilo. Kazini mikono ikaanza kutetemeka, nikampa mwalimu mstaafu meno ambayo moja limekaa upande, mzee wa watu akajitazama kwenye kioo akasema kwa upole, “Mwanangu, hili jino naona linataka kutoroka.” Daktari alicheka lakini aliniangalia mikono.

Sasa nafika penyewe. Ilikuwa Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, ukaingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua, umeandikwa, “Leo saa sita mchana kutawaka, chukueni watoto wenu,” na siku hiyo Kasuku alikuwa na mtihani wa vitendo wa kemia, mtihani ambao alama zake zinaingia kwenye matokeo yake ya mwisho. Sikufikiri. Niliutuma kwenye kikundi cha wazazi, ukakaa pale, hakuna aliyeshtuka, baba mmoja akauliza, “Mama, hii umeitoa wapi?” na mimi nikaona watu wanapoteza muda, watoto wataungua huku sisi tunaulizana maswali, nikaandika, Mungu anisamehe, nikaandika, “Imetoka ofisini, karani amenipigia mwenyewe.” Hakunipigia. Wala hakuna mtu aliyenipigia.

Nilipanda pikipiki na aproni mwilini, nikafika shuleni, nikapita mpaka maabara, msimamizi akanizuia mlangoni, “Mama, zimebaki dakika ishirini tu,” nikamwambia dakika ishirini ni nyingi, nikamsukuma. Kasuku alikuwa amesimama kwenye meza yake anadondosha dawa tone kwa tone kwenye chupa ya kioo, akaniona, akasema kwa sauti ya chini kama anayemwongelesha mgonjwa, “Mama, imebaki kidogo sana ibadilike rangi.” Nikamshika mkono. Chupa ikaanguka. Wenzake wote wakaacha kazi zao wakatutazama.

Tulipofika getini wazazi walikuwa wameshafika, hamsini, sitini, wengine wanavuta geti na wengine wanalisukuma, mlinzi katikati anapiga kelele wangoje afungue vizuri, hawakungoja, geti likambana, mkono wake ukavunjika juu kidogo ya kiganja, niliusikia ukivunjika. Saa sita ikafika, ikapita, ikawa saa saba, kilichowaka siku ile ni jua peke yake.

Siku iliyofuata mwalimu mkuu alinipigia. “Mama, wazazi wanasema habari ilianzia kwako na wewe uliipata kwa karani. Ni kweli?” Nikanyamaza. Akasema, “Naelewa, hutaki kumharibia kazi mwenzako.” Nikasema, “Ndiyo.” Neno moja, Mshauri, na kwa neno hilo karani amesimamishwa kazi, ana wiki mbili sasa yuko nyumbani.

Na Kasuku aliniuliza swali moja tu, “Mama, karani alikupigia saa ngapi?” Nikasema saa tatu na nusu. Akasema, “Saa tatu na nusu karani alikuwa na sisi maabara, anagawa karatasi za majibu.” Tangu hapo nasikia shikamoo asubuhi, nimeshakula jioni, basi. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia jokofu.

Kwa hiyo naomba unisaidie, kuna dawa gani ya kutuliza mikono na huu moyo, maana kazi yangu ni mikono, nikiipoteza sina kingine ninachokijua. Na kuhusu karani, sijui hata niseme nini. Namba ya kliniki nimeiandika pembeni.

Ni mimi,
Fundi wa Meno

*

Fundi wa Meno, mama mwenzangu,

Barua yako ilinifikia Jumatatu na sikuiacha ingoje Jumamosi. Nilikupigia siku ileile, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji tuliyozungumza na yaliyofuata, kwa sababu tangu mambo yatulie nimepokea barua kumi na saba za watu wanaotetemeka kama wewe, na wengi wanadhani wako peke yao.

Nianze na pole, na pole hii naitoa kwa moyo wote. Saa saba bila kujua mtoto yuko wapi si jambo dogo. Siku ile mwili wako ulijifunza kwamba mlango wa duka ukishushwa, kifo kiko karibu, na mwili si mwepesi wa kusahau somo kama hilo kwa sababu tu redio imesema watu wameelewana. Kuinama, moyo kwenda mbio, kutafuta kiti karibu na mlango, hayo si wazimu wala si udhaifu wa imani, kama ulivyonisimulia kwenye simu kwamba dada yako alikuambia. Ni mlinzi ndani yako ambaye hajaambiwa kwamba zamu yake imekwisha. Kwa hofu hiyo sina neno la kukulaumu.

Ila uliniandikia kurasa nne, na ndani yake karani unamtaja mwisho, kama mtu anayekumbuka mwavuli aliousahau mahali. “Sijui hata niseme nini.” Unajua vizuri sana. Ulikuwa na hofu, kweli, lakini hofu haikuandika ule mstari kuhusu karani, uliuandika wewe. Na siku ya pili, ulipoulizwa huku jua limetulia na hakuna anayekufukuza, ukasema “Ndiyo.” Mwanamke aliyekaa na mwanao siku ambayo wengine hawakufika! Nilikuambia hivyo kwenye simu, ukalia, nikakungoja umalize, nikakwambia tena.

Ukaniuliza, “Wakiniweka hadharani je?” Nikakujibu kwamba karani yuko hadharani tayari, na amekaa mahali pako.

Namshukuru Mungu, na wewe pia nakushukuru, kwamba hukulala na maneno hayo zaidi ya siku mbili. Asubuhi ya Jumatano ulikwenda kwa mwalimu mkuu, mumeo amesimama ukumbini, ukasema yote kwa mdomo wako. Ukaandika kwenye kikundi cha wazazi kwamba karani hakukupigia, kwamba ulidanganya ili uaminiwe. Wapo waliokutukana, na ulistahili baadhi yake. Yupo pia yule baba aliyekuuliza habari umeitoa wapi, ambaye aliandika kwamba na yeye aliituma kwa watu ishirini kabla hujamjibu. Jioni ukaenda kwa karani. Ulimkuta uani anaanika nguo. Hakukukaribisha ndani. Alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Wiki mbili majirani wananiuliza mbona siendi kazini. Nimekusikia. Sasa niache nimalize nguo zangu.” Wewe uliniambia hilo kwa uchungu, kana kwamba amekunyima kitu. Hakukunyima kitu. Msamaha ni wake, atautoa akitaka na siku anayotaka, na wewe usimfuatefuate nao kama mtu anayedai chenji. Amerudi kazini Jumatatu iliyopita. Hilo ndilo ulilokuwa na uwezo wa kurudisha, na umelirudisha.

Alhamisi ukanipigia tena. “Mshauri, nimekiri yote, mbona mikono bado inatetemeka?” Kwani ulidhani kusema kweli ni kidonge? Ukweli umemtoa karani nyumbani. Hofu yako ni kazi nyingine, na inataka mikono mingine, kwa hiyo nisikilize.

Simu itoke kwenye aproni. Sisemi uizime, najua huwezi, na mtu aliyewahi kukatiwa simu kwa saa saba simwambii azime. Iache kwa daktari mezani, mlio ukiwa juu, ili mtu wa nyumbani akikupigia usikike. Habari utasikiliza mara mbili kwa siku, saa saba ukila na saa kumi na mbili jioni, redio moja, dakika kumi, basi. Katikati ya hapo dunia itajiendesha bila wewe kuiangalia. Siku za kwanza utawashwa kama mtu aliyeacha sigara. Vumilia. Na kwenye kikundi cha wazazi usitume tena kitu ambacho hukukiona kwa macho yako, hata kikiwa na jina la waziri chini yake.

Mlango wa jirani ukishushwa na moyo ukaruka, usipigane nao. Weka kisu cha nta mezani. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili mpaka uisikie. Vuta pumzi ya kawaida, halafu itoe polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, kama unapoza chai ya mtu mwingine. Fanya hivyo mara sita au saba, kisha jiambie kwa sauti kile kilichotokea: “Ni duka limefungwa.” Wagonjwa wakikusikia wakusikie. Mara ya kwanza hutaona faida, na ya pili pia. Mimi nilianza kuiona wiki ya tatu, maana mshauri wako naye alikuwa na mabegi nyuma ya mlango, usidhani naongea kutoka juu ya dari.

Mabegi hayo fungua matatu. Moja libaki. Sitakudanganya kwamba machafuko hayatarudi, sijui mimi wala wewe, na mtu mwenye akili anaweka vyeti vyake, dawa zake na chupa ya maji mahali pamoja. Kaeni watu watatu mezani mchana kweupe, mkubaliane simu zikikatika mnakutana wapi na nani anakwenda kwa nani, iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe ndani ya kabati, na baada ya hapo mazungumzo hayo yafungwe. Ukishapanga vizuri mara moja, hupangi tena kila saa. Kitanda cha Kasuku kirudi chumbani kwake. Leo.

Halafu kuna kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya wilaya, ina nesi ambaye kazi yake ni watu waliopitia kama uliyopitia. Uliniambia unaona aibu kuonekana kwenye benchi lile. Wewe umekaa miaka kumi na minane ukiwatengenezea watu meno, na kila siku wanakufungulia vinywa vyao vilivyooza bila aibu kwa sababu wanataka kula. Nenda ukakae kwenye benchi. Na ukitoka, usirudi nyumbani moja kwa moja ukajifungia, pitia kwa mlinzi wa shule. Hujakwenda bado, nilikuuliza ukababaika. Mkono wake uko kwenye plasta na mkewe ndiye anayechota maji peke yake. Usiende na hotuba. Nenda na mikono yako hiyohiyo inayotetemeka, ichukue ndoo.

Sasa huyo binti. Hajanyamaza kwa sababu ulimtoa kwenye mtihani, mtoto wa miaka kumi na saba anajua hofu ni nini, alikuwa hapa na sisi siku zote hizo. Amenyamaza kwa sababu ulimtazama usoni ukamtajia saa ya uongo. Umeshamwambia mwalimu mkuu, wazazi, karani na mimi. Yeye amesikia kwa wengine. Mwambie mwenyewe, usilie wakati unamwambia ili asilazimike kukubembeleza, na usimalize na “lakini nilifanya kwa sababu nakupenda.” Malizia kwenye “nilikudanganya.” Akiondoka bila kujibu, mwache aondoke.

Mwalimu mkuu amekubali wale wote waliotolewa maabara siku ile warudie mtihani, na ni Alhamisi ijayo, saa mbili na nusu. Najua unachopanga, nimekusikia kwenye sauti yako. Unapanga kuomba ruhusa kazini, umsindikize, ukae nje ya geti mpaka atoke. Usithubutu. Alhamisi mpikie chai, muulize kama amechukua kalamu ya akiba, mwambie “kazi njema,” mfungulie mlango. Simama hapo mpaka apinde kona. Kisha geuka upande wako, uende kazini.